Majibu Yangu, Jina la Akello

Kwaya ilipomaliza, Atim alisimama kando ya jeneza la mama yake, akafungua bahasha ya kaki na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, kwenye kiti cha plastiki, chini ya turubai lililofungwa kwenye ukuta wa nyumba yao hapo Makindye, Kampala. Niliitambua karatasi kabla hajaikunjua. Mtu husahau nyuso, husahau hata waliomsimamia harusi, lakini mwandiko wake wa ujana hausahau. Atim alisema mama yake hakuacha wosia, ila aliacha hii, na kwa kuwa yeye si mtu wa maneno mengi ataisoma kisha akae, ili gari lipate kuondoka mapema kwenda kumzika Lira, kaskazini. Akasoma. Huyu ni mtu wa kuaminika hata akiwa peke yake. Huyu hakasiriki upesi. Huyu akianza kazi huimaliza. Mama mmoja nyuma yangu akanong'ona kuwa ndiye huyo kabisa, na watu wakaitikia kwa vichwa. Nilihesabu mistari kwa vidole mapajani. Baada ya wa tano alisoma wa saba, kisha wa nane, akakunja karatasi. Mimi nilikuwa natazama viatu vyangu. Maneno yale yalitoka kwenye kompyuta miaka ishirini na mitatu iliyopita, yakimweleza mtu aliyejaza majibu ya kipimo cha tabia. Aliyejaza ni mimi.

Nieleze polepole, maana hata mwenyewe jambo hili hunichanganya. Mwaka ule nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka Kenya na mkoba mmoja na cheti cha ukarani. Mambo ya nyumbani tuyaache. Nilipata kazi katika kampuni moja ya ulinzi iliyopanga juu ya duka la rangi pale Kansanga, kwenye barabara ya Ggaba. Ofisi nzima ilinuka rangi ya mafuta, na vyumba vilitenganishwa kwa mbao nyembamba ambazo hazikuzuia hata kikohozi. Meneja wetu, Mista Kizza, alikuwa mtu mpole mwenye hofu nyingi. Mwaka uliotangulia walinzi wake wawili walikuwa wamewafungulia wezi geti kwa mikono yao wenyewe, na tangu hapo alikuwa akimtazama kila mlinzi kana kwamba anajaribu kuona ndani ya fuvu lake. Ndipo akaja mtaalamu kutoka Nairobi, kijana wa suti, akamuuzia kipimo cha maswali tisini. Mtu akijibu Ndiyo au Hapana mara tisini, kompyuta itatoa ukurasa wenye mistari minane kueleza ni mtu wa namna gani na atafanya nini siku akiachwa na ufunguo. Mista Kizza aliufurahia ukurasa ule jinsi mgonjwa anavyofurahia kuambiwa jina la ugonjwa wake. Aliamuru wote tupimwe, kuanzia sisi wa ofisini. Wangu ulitoka vizuri, nikafungia chapati mbili ndani yake siku hiyohiyo nikirudi nyumbani.

Mimi niliajiriwa kwa sababu ya Kiswahili. Maswali yalikuwa ya Kiingereza, na walioomba kazi wengi walikuwa watoto wa askari, waliotoka kaskazini na kukulia kambini, ambao Kiingereza waliacha shuleni na Kiganda hawakukitaka. Kiswahili walinyonya. Kazi yangu ilikuwa kusimama mbele yao kila Jumanne, kuwasomea swali mojamoja kwa Kiswahili, nao wanatia alama kwenye fomu. Ninakumbuka chumba kile kuliko ninavyokumbuka chumba changu cha harusi. Mabenchi manne, dirisha moja lililokwama, wanaume na wanawake wamekaa wima, mikono juu ya magoti. Nikasoma swali la kwanza, ukipewa nafasi utapenda kwenda kwenye sherehe kuliko kukaa nyumbani, na mzee mmoja aliyestaafu jeshi akasimama, akauliza kama afande ametoa ruhusa. Ruhusa ya nini? Ya kwenda sherehe. Nikasema tuchukulie ametoa. Akasema basi ataenda, kama ni amri. Swali lingine liliuliza kama mtu hupenda kuwa peke yake, na dada mmoja akataka kujua atachagua nini na yeye huko getini atakuwa peke yake tu, apende asipende. Nilicheka siku ile. Sikuona kwamba walikuwa wakinionyesha tatizo.

Akello nilimpata kabla ya hayo yote, kwenye bomba la maji Makindye. Alikuwa akigombana na mwanamke aliyeruka foleni, na ugomvi wenyewe uliisha pale Akello alipolitupa dumu la yule mama mtaroni, likiwa na maji. Nilimwogopa, kisha nikampenda. Wiki mbili baadaye tulikuwa tumepanga pamoja chumba kimoja, muzigo kama wanavyosema Kampala, wenye ukuta mmoja wa buluu na mitatu isiyo na rangi, pazia katikati, jiko la makaa mlangoni. Asubuhi tulikunywa chai ya tangawizi na muhogo. Jioni nikichelewa nilileta kikomando, chapati iliyokatwakatwa ikachanganywa na maharagwe, na tukala sahani moja kwa sababu ya pili ilikuwa na ufa. Yeye alizaliwa kambini. Baba yake alipokufa, familia ilipewa muda wa kuhama nyumba ya jeshi, kama ilivyo desturi, na mama yake akarudi kaskazini. Akello alibaki mjini na mtoto, Atim, wa miaka minne. Ndugu za baba wa mtoto walikuwa wamempa neno moja tu: asipopata kazi kabla ya Pasaka, watakuja kumchukua Atim wampeleke Lira. Alilisema bila kulia, huku akimenya muhogo, lakini alimenya hadi muhogo wenyewe ukabaki kidogo.

Nikampeleka Kansanga. Alikaa benchi la mbele, nywele zimesukwa vizuri, na nilipokuwa nasoma maswali hakunitazama kama rafiki yake hata kidogo. Jioni wenzangu walipoondoka nikachukua fomu ili niingize majibu kwenye kompyuta. Ya Akello ilikuwa na Ndiyo tisini. Wewe hukasirika upesi? Ndiyo. Wewe ni mpole? Ndiyo. Hujawahi kusema uongo hata mara moja? Ndiyo. Wakati mwingine husema uongo? Ndiyo. Nilidhani amefanya utani. Nyumbani nilimuuliza kwa kuzungukazunguka, nikamwambia watu wengine hujaza Ndiyo kila mahali, sijui kwa nini. Akanishangaa. "Sasa afande nauliza wewe kitu, wewe nasema hapana?" akasema. "Kwa kambi sisi hapana fanya hiyo." Kwake swali la mkubwa halikuwa swali. Lilikuwa salamu, na salamu ina jibu moja. Nilijua kompyuta itasema nini, kwa sababu ilikwisha kuwasema hivyo wengine kumi kabla yake, wote watoto wa kambi: huyu anajipinga, huyu ni mwongo, asiajiriwe. Na mimi, aibu yangu, wale kumi nilikuwa nimewaamini kuwa ni waongo.

Kesho yake nilifika ofisini mapema, nikachukua fomu mpya, nikaandika jina la Akello juu. Nilikusudia kujibu kama yeye angalijibu, lakini kila swali nililosoma lilinishinda. Je, Akello hupenda utaratibu? Je, huwaza sana kabla ya kulala? Tulikuwa tunalala hatua mbili mmoja kutoka kwa mwenzake na sikujua. Basi nikajibu kama mimi, maana ndiyo majibu pekee niliyokuwa nayo. Nililelewa shule ya Jumapili, nikajibu kwa unyoofu wa shule ya Jumapili. Swali moja liliuliza, ukiona mwenzako amefanya kosa kazini, utasema hata kama ni rafiki yako? Nikatia Ndiyo bila kusita, huku kalamu ikiwa katikati ya kosa lenyewe. Ile fomu yake ya kwanza niliirarua, nikaitia kwenye jiko la mama wa chai aliyekuwa chini ya ngazi. Sikumwambia Akello. Nilijiambia ninamkinga.

Ukurasa ulitoka mzuri, akaajiriwa, akapangiwa ghala la vifaa vya ujenzi Kasubi. Atim hakwenda Lira. Akello aliomba kujua karatasi imesema nini, nami nikamletea nakala, nikaifasiri kwa mkono upande wa nyuma wa karatasi hiyo, mistari minane, mwandiko wangu wa karani. Aliisoma muda mrefu akiwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Huyu mtu mzuri," akasema. Kisha akaniuliza, "Huyu ni mimi?" Nikasema ndiyo, ni wewe. Akanitazama kidogo, akaikunja. Na hapo likaanza jambo ambalo hadi leo sijalielewa. Mwanamke aliyetupa dumu mtaroni akaanza kunyamaza. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni kwetu, Akello anasimama, anavuta pumzi, anakaa, na nikimuuliza ananiambia kwamba karatasi imesema yeye hakasiriki upesi. Karatasi ilisema humaliza alichoanza, akamaliza kufuma kitambaa kilichokuwa kimekaa mfukoni tangu kambini. Jumamosi alimsomea Atim ile mistari, na mtoto akaikariri kama wimbo. Nilikuwa nikimtazama akigeuka kuwa mtu niliyejidai kuwa ni mimi, na huku mimi mwenyewe nikianza kumpoteza mtu huyo. Nilikuwa naamka usiku. Nilimfokea mtoto kwa kumwaga chai.

Mwezi wa nane yule mtaalamu alirudi kuona kipimo chake kinaendeleaje. Alikaa siku nzima na mafaili, suti ileile, na alasiri akaweka fomu mbili mezani pa Mista Kizza. Nikaitwa. Fomu ya Akello na yangu zilitofautiana kwa maswali matatu tu kati ya tisini. Mtaalamu alisema katika kazi yake hajaona ndugu mapacha wakikaribiana hivyo. Mista Kizza, ambaye Kiswahili alikitumia kwa walinzi tu na kukitamka kwa ulimi wa Kiganda, aliniuliza, "Rispa, karatasi mbiri iko sawa namna hii, ni nini?" Kiti kilikuwepo, sikukaa. Nilifikiria kibali changu cha kazi, nikafikiria kurudi kwetu na mkoba uleule. Nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mimi na Akello tunaishi chumba kimoja, kwamba wakati mwingine nilipeleka mafaili nyumbani, kwamba huenda aliiona fomu yangu akanakili. Sikusita. Nilisema yote kwa utulivu, kwa sauti ya mtu wa kuaminika. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, ila hawakusema yule mwenye kung'ata huona nini akiwa mle nguoni. Mimi naweza kusema: haoni chochote. Anaona mlango wa kutokea tu.

Akello aliletwa kutoka Kasubi akiwa na sare, na mimi nikaambiwa nirudi mezani kwangu, upande wa pili wa mbao. Nikasikia kila neno. Mista Kizza alimwambia wazi kwamba Rispa anasema aliyachukua majibu yake nyumbani.

"Hapana, afande," Akello akasema.

"Basi ni yeye arikujazia wewe?"

"Hapana, afande."

"Kwa hiyo Rispa nadanganya?"

Nilisikia buti za Akello zikisogea kwenye sakafu. "Hapana," akasema. "Yeye naogopa tu. Mtu ya kuogopa nasema kitu yoyote." Kisha akaongeza kwamba sisi tunakula sahani moja, tunalala chumba kimoja, labda ndiyo maana tumekuwa sawa.

Nilikaa nimeshika meza. Mwanamke aliyeshindwa kumwambia afande hapana hata mara moja katika maswali tisini, sasa alikuwa amesema hapana mara tatu mfululizo, na mbili kati ya hizo kwa ajili yangu, hali amekwisha kuambiwa nilichomfanyia. Nikasikia karatasi zikifunuliwa ndani. Mtaalamu akasoma kwa sauti mstari wa sita wa ukurasa wa Akello uliobaki kwenye faili: huyu akiona kosa la mwenzake atalisema, hata kama ni rafiki yake. Akamwambia Mista Kizza kwamba kama Rispa angemjazia fomu, mwanamke huyu asingeweza kuficha, wala kunakili asingenakili, hana tabia hiyo, kipimo kimesema. Na kama hatukiamini kipimo, tunafanya nini hapa? Mista Kizza akasema kale, yaani sawa, yaishe. Wakamrudisha Kasubi. Mimi mwisho wa mwezi nilipandishwa cheo.

Nimelizungusha jambo hili kichwani miaka yote hii kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi. Kipimo kilisema mwenye majibu haya atamsema rafiki yake, na mwenye majibu hayo, yaani mimi, alimsema rafiki yake, tena kwa uongo. Basi kilikuwa sahihi. Lakini kilisema hivyo kuhusu Akello, na Akello aliniokoa, basi kilikosea. Na waliokiamini walimwamini kwa sababu ya kosa hilo, wakafikia uamuzi ambao sijui niuite wa haki au wa upofu. Nimesomea mambo haya baadaye. Ndiyo kazi yangu hadi leo. Nina ofisi yenye vioo, nawapima watu wa mabenki na wa mashirika, naandika ripoti. Huwa nawaambia wateja kwamba kipimo ni taa, si hakimu, na wanaandika kwenye vitabu vyao. Nikimaliza narudi kwenye gari nikajiuliza kama najua ninachosema. Nyani haoni kundule, na mimi nalipwa kuwaonyesha wengine ya kwao.

Jioni ile ya kuhojiwa Akello alifika nyumbani kabla yangu. Nilikuta amepika malakwang, mboga ile chachu ya kwao iliyoungwa kwa karanga, na viazi vitamu. Atim alikuwa amelala juu ya mkeka. Nilisimama mlangoni na maneno yamejaa mdomoni, nikaanza, "Akello, leo mimi..." Akanisogezea sahani upande wangu. "Kula," akasema. Tukala. Aliniambia kesho anaingia zamu ya asubuhi, nimwamshe nikiamka. Ningependelea angelitupa sahani mtaroni. Nilimngoja mwaka mzima akasirike, na hakukasirika, na sikujua kama amenisamehe au amefuata karatasi. Desemba ya mwaka uliofuata nilihamia Kansanga, nikasema ni kwa ajili ya ukaribu wa kazi. Tuliendelea kuonana, harusi, ubatizo, kuhitimu kwa Atim, tukisalimiana vizuri mno. Alifanya kazi ile ile miaka kumi na tisa, akawa msimamizi wa walinzi wote wa Kasubi, na inasemekana hakuna ghala lake lililowahi kuibiwa. Hatukulizungumza kamwe. Nilijipa moyo kwamba huenda hakuwahi kujua kwamba ile fomu haikuwa yake.

Watu walipokuwa wakipakia jeneza, Atim alinijia. Ana kimo cha mama yake, na namna yake ya kusimama wima mikono ikiwa nyuma. Akaniomba nikae, akakaa karibu nami, akaikunjua tena ile karatasi, sasa imelegea kwenye mikunjo kama kitambaa.

"Anti, kuna mstari moja mimi sikusoma," akasema. "Umeona?"

Nikasema nimeona.

"Mama alikuwa anauruka. Tangu mimi mdogo. Akifika hapa kwa ya sita, anaenda ya saba. Siku moja nikamuuliza kwa nini." Akaweka kidole mahali penyewe. "Akaniambia, hiyo si yangu. Hiyo ni ya anti yako Rispa. Mimi namuwekea tu."

Nikavaa miwani, ingawa sikuihitaji. Wino ulikuwa umepauka, lakini herufi zangu zilisomeka zote: huyu akiona kosa la mwenzake atalisema, hata kama ni rafiki yake. Dereva akapiga honi, na wanakwaya wakaanza kupanda. Nilikuwa na muda wa sentensi moja au mbili, na kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na mitatu sikuwa nimechanganyikiwa.

"Ni kweli, huo ni wangu," nikamwambia. "Hiyo mingine saba ni ya mama yako."